Lugha Yetu na Injini ya Ndege

Msomaji mpenzi, ukisimama Ukunda, kati ya barabara kuu iendayo Lunga Lunga na ufuo wa Diani, hutakaa sana kabla ya kusikia mngurumo juu ya minazi na mibuyu. Ndege inatua. Pengine ni ndogo, yenye injini moja puani. Pengine ni kubwa kidogo, yenye injini mbili, moja kwa kila bawa. Imetoka Nairobi na watu na mizigo, na baada ya muda mfupi itarudi ilikotoka. Mvuvi aendaye pwani hainui uso kuitazama, wala mwuza mihogo haachi kugeuza vipande vyake katika karai. Ndege imekuwa jirani. Lakini jirani huyu twamjua kwa jina tu; tumbo lake, moyo wake na macho yake hatuyajui, na wako watu wanaotuambia kwamba hatuna hata lugha ya kuyaulizia.

Nilikuwa mahali hapo siku moja, karibu na kijana wa shule wa umri kama wako. Alimwuliza mtu mzima aliyefuatana naye, “Mjomba, kile kijiti kilichochomoza mbele ya bawa, chenye tundu nchani, ni cha nini?” Mtu yule, ambaye simtaji, alikuwa na elimu yake. Alijibu kwa maneno mawili ya Kiingereza, akanyamaza. Kijana aliyarudia mara mbili mpaka akayashika. Kisha akauliza, “Na kwa Kiswahili?” Mjomba akacheka. “Kiswahili hakina mambo hayo,” akasema. “Kiswahili ni lugha ya kununulia samaki.”

Jibu hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Halikuwa la mtu mmoja. Limesemwa katika madarasa na katika ofisi, na wengi wenu mmekwisha kuliamini. Nataka kuonyesha kuwa si kweli, na kuonyesha pia hasara yake, maana uongo usio na hasara haustahili wino.

Kwanza, kijana yule alifundishwa nini? Alipewa sauti, hakupewa maana. Kasuku naye hupewa sauti. Hebu tujaribu kumjibu kwa lugha yake. Kijiti kile ni bomba jembamba. Limepewa jina la Mfaransa Henri Pitot, ambaye mwaka 1732 alitumia bomba la namna hiyo kupima mwendo wa maji ya mto Seine. Ndege ikienda mbio, hewa hujisukuma ndani ya tundu la mbele. Ikizidi mbio, msukumo huzidi. Ubavuni mwa ndege yamo matundu mengine madogo, yasiyoelekea mbele, nayo hupokea hewa iliyotulia. Chombo kilicho mbele ya rubani hulinganisha msukumo wa hewa ya mbio na ule wa hewa iliyotulia. Tofauti ya viwili hivi ndiyo inayoonyesha mwendo. Je, umeelewa? Ikiwa umeelewa, basi lugha ya kununulia samaki imekwisha kueleza chombo cha ndege, na haikupasuka.

Watajibu: “Kueleza si kutaja. Majina yako wapi?” Majina hayakosekani, msomaji, kinachokosekana ni macho ya kuyaona. Aongozaye ndege twamwita rubani. Neno hilo halikutungwa kwa ajili ya ndege, lilitoka chomboni. Rubani alikuwa mjuzi wa njia na miamba, aliyeingiza jahazi bandarini salama. Hali kadhalika Waingereza: neno wanalomwitia mwendesha ndege lilikuwa la baharini kabla ya kuwa la angani. Wao walichukua usukani wa meli wakaupachika mkiani mwa ndege. Sisi tunao usukani tangu zamani za mitepe. Tunayo dira. Tunalo neno rafadha, lililomo katika kamusi zetu, la lile panga linalozunguka na kuvuta chombo majini au hewani. Tunalo bawa na mkia. Watu wa Gazi, Shimoni na Vanga wamejua kwa vizazi vingi jambo ambalo mwanafunzi wa urukaji hufundishwa mapema kabisa: kwamba upepo haukisukumi chombo kwa nyuma tu, bali tanga likitegwa vyema huweza kukivuta chombo mbele hata upepo ukitoka ubavuni. Bawa la ndege ni ndugu wa tanga. Tena mtu wa pwani ajuaye kusi na kaskazi atafahamu upesi kwa nini ndege hupenda kuruka na kutua ikiukabili upepo, na kwa nini hutundikwa kiwanjani mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo unatoka wapi.

Wala tusidanganyike kwamba Kiingereza kilizaliwa na maneno ya ndege kinywani. Ndege ya kwanza yenye injini iliyoruka na kuongozwa na mtu ilikuwa ya ndugu wawili Wamarekani, Wilbur na Orville Wright, tarehe 17 Desemba 1903. Safari ya kwanza ya siku ile ilidumu sekunde 12 na ikafika futi 120. Ndugu hao walikuwa wauza baisikeli. Injini yao iliundwa na fundi wa karakana yao, Charlie Taylor, na nguvu za injini zilipelekwa kwenye rafadha kwa minyororo ya jamii moja na ile ya baisikeli. Basi asili ya injini ya ndege haiko mbali na kibanda cha fundi wa baisikeli au pikipiki pale Ukunda mjini. Kisha Wafaransa wakatangulia katika fani hiyo, na Waingereza wakawaazima maneno bila ya haya. Kiwiliwili cha ndege wakakiita fyuselaji, neno la Kifaransa lenye asili ya pia ya kusokotea nyuzi. Kile kipande cha ukingoni mwa bawa kinachopanda na kushuka ili ndege ilale upande wakakiita eleroni, maana yake kwa Kifaransa ni bawa dogo. Mwingereza alipochukua bawa dogo la Mfaransa hakuna aliyemwambia kuwa lugha yake ni ya kununulia samaki.

Sasa tuingie ndani ya injini yenyewe, maana huko ndiko wapinzani wetu wanakotutisha kwenda. Miongoni mwa ndege ndogo zitumiazo kiwanja cha Ukunda ziko Cessna Caravan, ambazo injini yake ni ya aina ya PT6, kazi ya Pratt & Whitney Canada. Injini hii ni ya ajabu kwa kuwa imekaa kinyume: hewa huingizwa ikapelekwa nyuma, kisha husafiri kuja mbele. Kwanza hupita katika kibanahewa, yaani magurudumu yenye makombe mengi yanayoishindilia hewa katika nafasi ndogo. Hewa iliyobanwa huingia katika chumba cha mwako, inyunyiziwe mafuta ya jamii moja na mafuta ya taa, ichomwe. Hewa yenye moto hutanuka kwa nguvu, nayo ikitafuta njia hupiga makombe ya gurudumu la kwanza la turbini. Gurudumu hili ndilo linalokizungusha kibanahewa kule nyuma. Kisha hupiga gurudumu la pili, ambalo halikushikana na la kwanza kwa chuma chochote. Upepo wa moto tu ndio kiungo chao. Gurudumu la pili huzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Kasi hiyo ingeivunja rafadha, kwa hiyo iko sanduku la gia inayoipunguza mpaka rafadha izunguke mara 1,900 tu kwa dakika. Hewa iliyokwisha kazi hutolewa nje kwa bomba la moshi.

Mhunzi wa zamani, aliyevukuta mivuo yake ili moto upate hewa ya nguvu, angesikia habari hii angetikisa kichwa kwa kukubali. Wahenga walisema: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maneno niliyotumia ni hewa, moto, mafuta, gurudumu, gia, bomba, chumba, na machache yaliyoazimwa kama injini na turbini. Sikuona mahali lugha ilipokwama.

Hapa atasimama mpinzani wa pili, naye ni mwerevu kuliko wa kwanza. Atasema: “Hata kama lugha yaweza, faida yake nini? Ulimwengu wa ndege husema Kiingereza. Tukiwafundisha watoto maneno ya Kiswahili tutawapoteza njiani.” Huyu nampa haki yake. Ni kweli kwamba rubani na mwongozaji wa ndege katika safari za kimataifa hutakiwa kujua Kiingereza kwa kiwango kilichowekwa, na sheria hiyo imeshika nguvu tangu mwaka 2008. Ni kweli pia kwamba neno lenye maana mbili huua. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana uwanjani penye ukungu, na watu 583 wakafa. Katika sababu zake mojawapo ilikuwa maneno: rubani mmoja alisema jambo ambalo waongozaji walilielewa kuwa yuko tayari kuruka, kumbe yeye alikwisha kuanza kukimbia. Baada ya msiba ule matumizi ya neno la kuruka yalifungwa kwa sheria kali. Simwambii mtu yeyote abadilishe lugha ya redioni. Kijana anayetaka kuwa rubani na ajifunze Kiingereza, akijue barabara, asikijue nusu nusu.

Lakini tazama, msomaji, jinsi hoja ile inavyozidisha mzigo kuliko punda. Wangapi kati yetu watakuwa marubani? Kwa kila rubani mmoja wako mafundi, wajaza mafuta, wapakia mizigo, wasafishaji, walinzi na abiria. Je, hawa wote wakae gizani kwa kuwa mmoja husema na mnara kwa Kiingereza? Tarehe 2 Oktoba 1996 ndege ya Aeroperú iliruka usiku kutoka Lima, Peru, kwenda Santiago, Chile. Ilipokuwa ikioshwa na kung’arishwa, matundu yale madogo ya ubavuni niliyoyataja yalizibwa kwa utepe wa kunata ili maji yasiingie, na utepe ule haukubanduliwa. Matundu yalipozibwa, vyombo vya kimo na mwendo vikasema uongo. Marubani hawakujua wako juu kiasi gani wala wanakwenda kwa kasi gani. Ndege ikaanguka baharini, na watu wote 70 waliokuwamo wakafa. Sisemi kuwa lugha ndiyo iliyowaua. Nasema kuwa usalama wa chombo kizima ulikuwa mikononi mwa mtu mwenye kitambaa na ndoo. Mtu wa namna hiyo afaa aelezwe, kwa lugha anayoota nayo usiku, tundu lile ni la nini. Kumwambia jina tu, jina ambalo kwake ni sauti, ni sawa na kutomwambia kitu.

Tena Kiingereza chenyewe hakikufaa kilivyokuwa. Watengeneza ndege wa Ulaya waliona kuwa mafundi wa nchi nyingi hukisoma vibaya katika vitabu vya matengenezo. Basi katika miaka ya 1980 wakakipogoa: wakachagua maneno ya kawaida machache, ambayo leo ni kiasi cha 900 mbali na majina ya vyombo, na kila neno wakalipa maana moja. Ikiwa wenye lugha yao waliona haja ya kuifanyia kazi ndipo iweze kusema na fundi, kwa nini sisi tuione aibu kuifanyia yetu kazi?

Mpinzani wa tatu ametoka upande wetu, na huyu ananiuma zaidi. Ni yule apendaye Kiswahili kwa kukiundia maneno chumbani, mlango umefungwa, bila ya kumwuliza fundi. Kitu kimoja tu, mashine ya kuhesabu na kuandikia ambayo sasa iko kila ofisi, kimepata kuitwa kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Wengine wakafuata hili, wengine lile; mtoto wa shule akaadhibiwa kwa neno ambalo jirani yake wa Tanzania hulitumia kila siku. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ukileta mtindo huo katika injini ya ndege utaleta Tenerife nyingine. Fundi anayeita kitu pistoni tangu ujana wake hataacha neno lile kwa sababu mtu asiyepata kuishika pistoni amependa jingine.

Basi tufanye nini? Mimi naona njia nne, nazo ni nyepesi. La kwanza, neno tulilorithi chomboni na karakanani litangulie: rubani, usukani, dira, bawa, rafadha. La pili, neno lililoazimwa na mafundi likazoeleka lisifukuzwe: injini, silinda, pistoni, gia, breki, turbini. La tatu, pasipo na neno, liundwe linalosema kazi ya kitu. Shuleni tunacho kipimajoto na kipimamvua, na hakuna mtoto aliyeyaogopa maneno hayo. Kwa mtindo uo huo tutapata kipimakimo cha kuonyesha ndege iko juu kiasi gani, na kipimamwendo cha kuonyesha kasi yake. La nne, kitu kimoja kiwe na jina moja, kutoka Vanga mpaka Kigoma.

Ona faida ya neno lililoundwa kwa akili. Katika sayansi, Waswahili wametunga neno kanieneo kwa jinsi nguvu inavyokandamiza juu ya uso wa kitu. Kani ni nguvu. Eneo ni ukubwa wa uso. Kani kugawanya kwa eneo: neno lenyewe limekwisha kuandika kanuni ubaoni. Kwa neno hilo nitakueleza kipimakimo mara moja. Ndani yake mna kikopo chembamba cha bati kilichotolewa hewa na kuzibwa. Hapa Ukunda, karibu na usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni kubwa na kikopo hubanwa. Ndege ikipanda, kanieneo hupungua, kikopo hufumuka kidogo kidogo, na mshale hupanda pamoja nacho. Uwanja wa Wilson wa Nairobi uko karibu futi 5,500 juu ya bahari, na huko kanieneo imepungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Kipimakimo, basi, hakipimi kimo hata kidogo. Hupima hewa, kikakisia kimo. Ndiyo maana rubani hana budi kukirekebisha kwa hali ya hewa ya mahali, na ndiyo maana utepe juu ya tundu uliweza kuangusha ndege.

Kazi ya maneno si ndoto. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa Tanzania mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria imefungua mlango. Lakini sheria haiingii darasani kwa miguu yake, na kamusi iliyo juu ya kabati haimfundishi mtu. Sayansi katika shule zetu hufundishwa kwa Kiingereza, na mimi siwezi kuligeuza jambo hilo kwa insha moja. Wewe waweza kuligeuza kwa daftari moja.

Nunua daftari dogo. Ujifunzapo neno la mtambo kwa Kiingereza, liandike upande mmoja. Kisha nenda kwa fundi wa pikipiki, fundi wa mashua, fundi wa jokofu, umwulize kwa adabu: “Shikamoo, fundi, hiki wakiitaje, na kazi yake ni nini?” Andika jibu lake upande wa pili. Asipokuwa na jina, andika kazi ya kitu kwa maneno yako mwenyewe, mpaka mdogo wako wa darasa la nne aelewe. Asipoelewa, usimlaumu yeye wala Kiswahili; rudi ukasome tena, kwa kuwa wewe ndiye hujaelewa. Mtihani huu ni mgumu kuliko ule wa mwisho wa mwaka, na hauna njia ya kuibia.

Kijana yule wa Ukunda bado ana neno lake la Kiingereza. Ni neno zuri, na alishike. Siku moja huenda likamfaa. Ninalomtakia ni nusu ya pili aliyonyimwa. Siku mdogo wake atakapomwuliza karibu na ua wa kiwanja kile, “Kaka, kile kijiti cha nini?”, asicheke, wala asimpe sauti tupu. Amketishe chini ya mbuyu, amweleze habari ya hewa ya mbio na hewa iliyotulia, mpaka ndege itue na kuzima injini yake.